Mate ya Wamama wa Ituri na Historia ya Mfupa Unaopungua

MAHAGI-PORT, ITURI – Kwenye fuko za Ziwa Albert, mama anayeanza kupinda mgongo hapewi jina la ugonjwa. Husemwa ni uzee tu, au ni kuni za miaka mingi kichwani, au ni mimba kumi, na wako wanaonong'ona habari za uchawi. Siku anapoteleza kwenye matope karibu na kisima na mkono wake kuvunjika, kwa anguko ambalo mtoto angeinuka akicheka, jamaa husema ni bahati mbaya. Lakini habari hii ina historia yake, na sehemu moja ya historia hiyo ilipatikana hapa hapa Ituri, ndani ya msitu, kwa mate ya wamama Walese na damu ya majirani zao Waefe.

Mfupa wa mtu aliye hai si jiwe. Ni kama nyumba ya udongo. Ukuta wa udongo hudumu kwa sababu kila baada ya mvua mwenye nyumba huubandua udongo uliopasuka na kukandika mpya. Ndani ya mfupa kuna chembe hai za aina mbili zinazofanya kazi hiyo hiyo: moja hubomoa sehemu iliyochakaa, nyingine hukandika upya. Mtu akiwa mtoto, wakandikaji wanashinda. Baina ya miaka 20 na 30 hivi mfupa hufikia kilele chake. Baadaye wabomoaji huanza kuwatangulia wakandikaji. Kwa wanaume jambo hilo huenda polepole. Kwa wanawake huenda polepole kwanza, kisha kwa kasi pale damu ya mwezi inapokatika: katika miaka 5 hadi 7 ya kwanza baada ya hapo, mama anaweza kupoteza hata sehemu 1 kati ya 5 za mfupa wake. Hasikii chochote. Mfupa hauumi unapopungua, unauma unapovunjika.

Wazee wa Ulaya waliona matokeo hayo zamani bila kujua sababu. Mwanzoni mwa karne ya 19, mpasuaji mashuhuri wa London, Astley Cooper, aliandika kwamba mifupa ya wazee huwa myepesi na laini, na kwamba nyonga huvunjika zaidi kwa wamama wa umri mkubwa, tena kwa anguko dogo. Katika miaka hiyo hiyo Jean Lobstein, aliyefundisha huko Strasbourg, aliupa mfupa wenye matundu mengi jina linalotumika hata leo, osteoporosisi. Kwa zaidi ya miaka 100 jina lilikaa bila maelezo. Uzee ulitosha kuwa jibu.

Aliyekataa jibu hilo alikuwa Fuller Albright, daktari wa hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani. Mwenyewe alikuwa mgonjwa, mikono ikimtetemeka kwa maradhi ya Parkinson, lakini alikuwa na jicho la kuona kile ambacho wengine walikipita. Aligundua kwamba wagonjwa wake wa mgongo uliobonyea, ambao hawajafika hata miaka 65, karibu wote walikuwa wamama, na karibu wote walikuwa wamekwisha kukoma hedhi. Wengine walikuwa vijana kabisa, ila walikuwa wameondolewa ovari kwa upasuaji. Kama ni uzee peke yake, mbona wababa wa umri ule ule hawaji? Mwaka 1941 alichapisha hoja yake: mfupa wa mama unapungua kwa sababu mwili umekosa estrojeni, homoni inayotoka katika ovari. Alipowachoma wagonjwa sindano za estrojeni, kalsiamu iliyokuwa ikipotea katika mkojo wao ilipungua.

Albright alipata sababu, ila hakupata namna. Yeye alidhani estrojeni huwapa nguvu wakandikaji. Waliomfuata walionyesha kwamba kazi yake kubwa ni kuwazuia wabomoaji. Estrojeni ni kama msimamizi anayesimama mlangoni na kusema, ukuta huu bado mzima, msiuguse. Akiondoka msimamizi, kila mmoja anaingia na jembe lake.

Homoni ya pili katika habari hii inaitwa homoni ya ukuaji. Inatoka kwenye tezi ndogo kama punje ya harage, chini ya ubongo, inayoitwa pituitari. Mwaka 1921, Herbert Evans na Joseph Long wa California waliwachoma panya dondoo ya tezi hiyo, na panya wakakua kupita kiasi. Mwaka 1956 Choh Hao Li, mwanasayansi aliyezaliwa China, aliitenga homoni hiyo kutoka katika tezi za binadamu, na mwaka 1958 daktari Maurice Raben alitangaza kwamba ameitumia kumrefusha kijana aliyekuwa amedumaa. Tatizo lilikuwa moja: dawa yenyewe ilikamuliwa kutoka kwenye vichwa vya maiti. Mwaka 1985 iligundulika kwamba baadhi ya waliochomwa sindano hizo wakiwa watoto wamekufa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, ulioletwa na tezi za marehemu. Marekani ikaisimamisha dawa ile, na mwaka huo huo ikaruhusu homoni iliyotengenezwa kiwandani kwa kutumia vijidudu vilivyowekewa jeni ya binadamu. Ndiyo inayotumika hadi leo.

Jina linawadanganya wengi. Watu wakisikia homoni ya ukuaji wanadhani kazi yake inaisha kijana anapoacha kurefuka. Sivyo. Kwa mtu mzima inaendelea kutoka, hasa usiku wakati wa usingizi mzito, na kazi yake ni kuwaamsha wakandikaji wa mfupa na kutunza misuli. Yenyewe haifanyi kazi hiyo peke yake. Hutuma ujumbe kwenye ini, ini nalo hutoa kemikali iitwayo IGF-1, na hiyo ndiyo inayofika kwenye mfupa na kusema: kandikeni. Tangu ujana, kiasi cha homoni hiyo hupungua karibu asilimia 14 kila baada ya miaka kumi. Kwa mwanamke kuna fundo jingine: estrojeni yenyewe huichochea pituitari itoe homoni ya ukuaji. Hedhi ikikoma, mama anapoteza mzuiaji wa wabomoaji, na wakati huo huo sauti inayowaamsha wakandikaji inazidi kufifia.

Hapo ndipo Ituri inaingia.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, madaktari Thomas Merimee na David Rimoin, pamoja na mtaalamu wa jeni Luigi Luca Cavalli-Sforza, walikwenda kuwachunguza watu wafupi wa msituni katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. (Jina mbilikimo, ambalo vitabu vya zamani vilipenda kulitumia, wenyewe hawalipendi, na hapa halitatumika.) Walitegemea kukuta wamepungukiwa homoni ya ukuaji. Waliikuta imejaa kama kwa watu wengine. Walipowachoma homoni zaidi, miili yao iliitikia kidogo tu. Mwaka 1981 Merimee alionyesha kwamba kilichopungua ni ile IGF-1, na mwaka 1987 akaonyesha kwamba pengo linakuwa kubwa hasa wakati wa kubalehe, pale ambapo vijana wa makabila mengine hurefuka ghafla.

Kisha ikaja zamu ya Waefe wa Ituri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ikiitwa bado Zaire na ziwa letu likiitwa Ziwa Mobutu Sese Seko, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Irven DeVore, walianza mradi wa miaka mingi katika msitu wa Ituri, kati ya Walese wanaolima na Waefe wanaowinda na kuchuma. Robert Bailey na Nadine Peacock waliishi huko, wakapima uzito, urefu, chakula na kazi za kila siku. Damu ya Waefe ikapelekwa California, na huko daktari Mitchell Geffner na wenzake wakakuza chembe zake katika maabara. Mwaka 1993 na 1995 walichapisha matokeo: chembe za Waefe hazikuitikia IGF-1 kama chembe za watu wengine. Ujumbe unafika, mlango haufunguki. Watafiti wengine wameleta maelezo tofauti tangu hapo, na ubishi juu ya urefu wa watu wa msituni haujaisha. Lakini kwa madaktari wa mifupa somo lilikuwa kubwa, hata kama halikutafutwa kwa ajili yao: homoni kuwepo katika damu si kitu kimoja na mwili kuisikia.

Uziwi huo haukai msituni peke yake. Mwaka 1966, huko Cape Town, daktari Pimstone na wenzake walipima damu ya watoto wenye kwashiorkor, wale wa miguu iliyovimba na nywele nyekundu ambao kila muganga wa Ituri anawafahamu. Walikuta homoni ya ukuaji iko juu sana. Mtoto amedumaa, na homoni ya kukuza imejaa tele! Sababu ni kwamba ini la mwenye njaa linakataa kutoa IGF-1. Mwili hauwezi kujenga wakati hauna cha kula, kwa hiyo unaziba masikio. Kwa mtu mzima mwenye njaa ya muda mrefu hali ni hiyo hiyo. Pituitari inapiga kelele na wakandikaji wa mfupa wamelala.

Kazi nyingine ya Ituri ilihusu wamama moja kwa moja. Peter Ellison wa Harvard alikuwa ametengeneza njia ya kupima homoni za ovari bila sindano: mate tu. Mama anatema katika kijichupa kidogo, siku baada ya siku, na maabara inapima projesteroni, homoni inayoonyesha kama yai limetoka na ovari inafanya kazi sawasawa. Njia hiyo iliufaa msitu, maana mate hayahitaji friji mara moja kama damu. Yeye, Peacock na Catherine Lager walikusanya mate ya wamama Walese na Waefe, na mwaka 1986 na 1989 wakachapisha walichokiona. Homoni za wamama Walese zilikuwa chini kuliko za wamama wa Boston. Tena zilipanda na kushuka pamoja na shamba. Katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno, wamama walikonda, projesteroni ikashuka, na miezi ambayo yai lilitoka ikapungua. Chakula kikirudi, ovari nazo zinarudi.

Mwaka 1993 Ellison na wenzake waliweka pamoja mate ya makundi matatu: wamama wa Boston, wamama Watamang wa milima ya Nepal, na wamama Walese wa Ituri. Walichora mstari wa kila kundi kwa umri. Mistari haikulingana kwa kimo. Ya Boston ilikuwa juu, ya Ituri chini. Lakini umbo lake lilikuwa moja. Inapanda tangu ujana, inafika kilele kati ya miaka 25 na 35, kisha inashuka. Yaani uzee wa ovari unakuja kwa wote, tajiri na maskini, ila mwenye kuishi na njaa anaanza kushuka kutoka kwenye kilima kifupi zaidi. Majina ya wamama waliotema mate hayo hayamo katika ripoti, kama ilivyo desturi ya utafiti. Ni haki hata hivyo kukumbuka kwamba mchoro unaotajwa katika vyuo vikuu vya dunia ulitoka kwao.

Huko Marekani, wakati huo, homoni ya kiwandani ilikuwa imefungua tamaa mpya. Mwaka 1990 daktari Daniel Rudman alichapisha utafiti juu ya wanaume 21 wenye umri wa miaka 61 hadi 81. Kumi na wawili walichomwa homoni ya ukuaji kwa miezi 6. Misuli na viungo vyao viliongezeka kwa karibu asilimia 9, mafuta yakapungua kwa asilimia 14, na mfupa wa kiuno ukaongezeka kwa asilimia 1.6. Mwanamke hakuwemo hata mmoja. Hilo halikuwazuia wafanyabiashara. Kwa miaka mingi baadaye makaratasi ya matangazo yalimtaja Rudman kama aliyevumbua maji ya ujana, na vidonge na matone yenye jina la homoni ya ukuaji vikauzwa kwa wamama kila pembe ya dunia. Homoni hiyo ni protini; ukiimeza tumbo linaisaga kama linavyosaga samaki. Anayeuza kidonge chake anauza hewa. Na sindano ya kweli ina madhara yake: viungo kuvimba, mikono kufa ganzi, sukari kupanda katika damu. Sheria ya Marekani inakataza kuigawa kama dawa ya kuzuia uzee.

Kwa wamama wenyewe utafiti wa maana ulifanywa Gothenburg, Sweden. Kerstin Landin-Wilhelmsen na wenzake waliwachukua wamama 80 wenye osteoporosisi, wa miaka 50 hadi 70, waliokuwa tayari wakitumia estrojeni, na kuwapa baadhi yao homoni ya ukuaji. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2003. Mfupa uliongezeka, lakini polepole, na kwa muda mrefu tu. Walipofuatiliwa kwa miaka 10, waliovunjika walikuwa wamepungua kwa nusu, kutoka asilimia 56 hadi 28. Ni habari njema yenye mipaka: kundi dogo, dawa ya bei kali, nchi tajiri. Homoni hiyo haijawa dawa ya kawaida ya mifupa popote.

Estrojeni nayo ilipata mtihani wake. Tangu mwaka 1942 iliuzwa Marekani kwa vidonge vilivyotengenezwa na mkojo wa farasi wenye mimba, na mamilioni ya wamama wakaimeza. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa wamama zaidi ya 16,000 uliokuwa ukiwapa nusu yao estrojeni pamoja na homoni ya pili ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu kansa ya titi na kiharusi viliongezeka kati ya walioimeza. Watu wengi walikumbuka hilo tu. Walisahau kwamba utafiti huo huo ulithibitisha kauli ya Albright: wamama waliomeza homoni walivunjika nyonga kwa theluthi moja pungufu.

Je, wamama wa Afrika? Kwa muda mrefu madaktari walisema hawana ugonjwa huu. Mwaka 1968 Louis Solomon wa Johannesburg alionyesha kwamba wamama weusi wa mji huo walivunja nyonga mara chache mno wakilinganishwa na wazungu. Kule Gambia, Ann Prentice na wenzake wa Cambridge walikaa miaka mingi katika kijiji cha Keneba na jirani zake, ambako wamama wanazaa sana, wananyonyesha miaka karibu miwili, na wanapata miligramu 300 hadi 400 tu za kalsiamu kwa siku, nusu ya kile Uingereza inachoshauri. Mwaka 1996 walichapisha kitendawili: wamama wazee wa Gambia wana mfupa mdogo, unaopungua kwa umri kama wa wazungu, lakini mivunjiko ya aina ile ni michache. Kazi ya shamba, kutembea, umbo la nyonga lenyewe, vyote vimetajwa kama sababu. Jambo moja lilikuwa wazi, kwamba kuzaa na kunyonyesha si adui. Mama anayenyonyesha hupoteza asilimia 3 hadi 5 ya mfupa, kisha huurudisha baada ya kumwachisha mtoto.

Lakini faraja hiyo isizidi kipimo. Afrika Kusini, hesabu mpya zilizochapishwa mwaka 2020 zilionyesha kwamba wamama weusi nao wanavunja nyonga, chini ya wazungu, ila si mara chache kama ilivyodhaniwa zamani. Wanaishi zaidi kuliko bibi zao. Na mama wa Keneba anayelima kwa amani hafanani na mama wa Djugu aliyekimbia mara tatu.

Hapa ndipo historia ya homoni inapokutana na historia ya vita. Msichana hujenga karibu robo ya mfupa wake wote wa utu uzima katika miaka miwili tu, karibu na umri wa miaka 12 au 13, pale homoni ya ukuaji na estrojeni zinapopanda pamoja. Anayekosa chakula katika miaka hiyo miwili anakosa kitu kigumu kurudishwa. Vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003 viliwakuta wasichana wengi katika umri huo. Aliyekuwa na miaka 12 mwaka 2003 atafikisha miaka 50 mwaka 2041. Vurugu zilipowaka tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, na mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu wakavuka ziwa kwa mitumbwi kuelekea Hoima na kambi ya Kyangwali upande wa Uganda, wengine wakapanda hadi Mahagi na wengine wakashuka Bunia, wasichana wa umri huo walikuwamo mitumbwini. Kwao mwaka huo ni 2056.

Kwa bibi zao hesabu haingoji. Mama aliyekoma hedhi, anayekula mara moja kwa siku chini ya hema, ana mambo mawili pamoja: estrojeni imekwisha kwa umri, na IGF-1 imezimwa na njaa. Zaidi ya hayo, aliyekuwa akilima kutwa sasa anakaa. Mwaka 1892 Julius Wolff wa Berlin aliandika kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba, na wanaanga wa siku hizi wamethibitisha: wakielea angani bila uzito wanapoteza zaidi ya asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Mama wa kambini haelei angani, ila bibi anayeketi mkekani kutwa kwa kukosa shamba anaelekea njia hiyo.

Na kuna adui anayeuzwa sokoni. Vidonge vya dekzametazoni na prednisoloni hununuliwa na wamama na wasichana bila karatasi ya muganga, ili wanenepe na mashavu yajae. Hivyo ni homoni pia, za aina nyingine. Mwaka 1932 Harvey Cushing wa Boston alieleza wagonjwa ambao miili yao ilijaa homoni za namna hiyo: uso wa duara, mafuta shingoni, na mifupa inayovunjika ovyo. Dawa hizi zinaokoa maisha zikitolewa kwa ugonjwa wake, na anayezitumia kwa amri ya daktari asizikate ghafla. Anayezimeza kwa urembo anawafukuza wakandikaji kwa fedha yake mwenyewe. Kuhusu sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ambayo uvumi unasema inayeyusha mifupa: ni kweli kwamba mwaka 2004 Marekani iliiwekea onyo, maana mfupa hupungua kidogo wakati wa kuitumia. Ni kweli pia kwamba mfupa hurudi mama akiiacha, na Shirika la Afya Duniani halikuwawekea kizuizi wamama wa miaka 18 hadi 45.

Mahagi-Port ina kitu ambacho Boston ingenunua kwa dawa. Wabelgiji waliojenga bandari hii waliwathamini samaki wakubwa, kapitene na wenzake. Leo sehemu kubwa ya samaki watokao Ziwa Albert ni wale wadogo, muziri na ragoge, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani. Wanaliwa wazima na mifupa yao, na mfupa wa samaki una kalsiamu nyingi, pamoja na protini ambayo ini linaihitaji ili litoe IGF-1. Baadhi ya samaki hao hupakiwa magunia na kwenda kulisha kuku. Ufuta nao, lengalenga, maharagi, na maziwa panapopatikana, vyote vinaingia katika hesabu hiyo. Vitamini D, inayoiingiza kalsiamu mwilini, inatoka kwenye jua, na jua la ziwani halina bei; mama mzee anayefungiwa ndani ya hema kwa heshima ya uzee ndiye anayelikosa.

Tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lina kipimo rasmi cha osteoporosisi, kinachotegemea mashine ya miale inayopima uzito wa mfupa. Ni mashine ya bei kubwa, na hospitali nyingi za vijijini hazina. Kipo kipimo cha zamani zaidi. Mifupa ya mgongo inapobonyea, mtu anafupika, na aliyepoteza zaidi ya sentimita 4 tangu ujana wake huenda tayari ana mfupa wa mgongo uliovunjika bila yeye kujua. Ubao wa kupimia urefu uko katika vituo vingi vya afya vinavyohudumia watoto wenye utapiamlo. Bibi anayempeleka mjukuu kupimwa anaweza kuvua kandambili na kusimama mahali pale pale, kisigino ukutani, muganga aandike namba na tarehe kwenye karatasi yake, na mwaka unaofuata apimwe tena.